Gugu Lililokataa Dawa

Majani ya kwenye beseni la kushoto yalikuwa yamekufa. Yalikuwa yamegeuka rangi ya majani ya chai iliyokwisha kuchujwa, yamelala juu ya tope. Ya kwenye beseni la kulia yalikuwa yamesimama wima, kijani kibichi, na jani moja lilikuwa limeanza kutoa suke.

Sajenti Kezia Waisiko wa idara ya upelelezi alichuchumaa nyuma ya kituo cha polisi, karibu na tangi la maji, akayatazama kwa hasira ya mtu aliyepata jibu ambalo hakuliomba. Mabeseni yote mawili aliyapulizia mwenyewe, asubuhi moja, kwa bomba moja, dawa moja, kisha akakaa zaidi ya wiki akisubiri huku wenzake wakimwita bibi shamba. Gugu lilikuwa la aina moja; tofauti ilikuwa moja tu. Majani ya kushoto aliyang'oa kwenye mtaro unaopita mbele ya kituo. Ya kulia aliyang'oa kwenye shamba la mpunga la mjane mmoja wa bondeni Ringwani, Mama Robi.

Dawa yenyewe haikutoka kwenye chupa mpya. Chupa mpya zilikwisha kupimwa maabara na majibu yakaja na mhuri: dawa halisi, haina kasoro. Lakini wakulima wa Ringwani hawanunui chupa nzima. Wananunua ya kupimiwa, kifuniko kwa kifuniko, na hapo ndipo mwenye duka angeweza kuongeza maji. Ndiyo maana Kezia alikwenda kuchukua masalia yaliyobaki kwa Mama Robi ndani ya chupa ya soda, dawa ile ile aliyopimiwa dukani kwa Elkana Ogweno, akapulizia hayo. Masalia yakaua majani ya mtaroni bila huruma. Majani ya shambani hayakupata hata homa.

"Kwa hiyo?" mkuu wake aliuliza, amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Kwa hiyo dawa ni nzima, afande. Haikuongezwa maji."

"Na wakulima wa bonde zima ni waongo?"

"Si waongo. Majani kweli hayafi."

"Dawa nzima, na majani hayafi. Unataka nimpelekee mwendesha mashtaka hadithi hiyo?" Mkuu alipiga funda la chai. "Nina malalamiko ya bonde zima. Nina maelezo ya mwenyekiti wao, mtu mzima, mtu wa kanisani. Jumatatu Elkana anakwenda mahakamani. Kama si yeye, niletee mwingine. Mabeseni siwezi kuyapandisha kizimbani."

Alipoondoka, Kezia alilisukuma beseni la kulia kwa mguu. Maji ya tope yakamrukia kwenye suruali.

Kesi yenyewe ilizaliwa na dhahabu, ingawa hakuna aliyeiandika hivyo. Tangu rashi, mbio za kukimbilia dhahabu mpya, ilipozuka ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Tarime, vijana wa Ringwani walikuwa wameondoka kaya kwa kaya kwenda kuchimba. Mpunga zamani ulipaliliwa kwa mikono, na mikono hiyo sasa ilikuwa chini ya ardhi ikigonga mawe. Bonde likageukia dawa ya majani. Msimu huu dawa ikaua kila kitu isipokuwa gugu moja tu, lile linalofanana na mpunga kiasi kwamba mpaka litoe suke hulijui. Wanawake wamelibatiza shemeji, kwa sababu linaingia nyumbani bila kuulizwa na linakula kama mwenye nyumba. Shemeji akatapakaa. Mpunga ukasongwa ukawa haupumui, na watu waliokuwa wanahesabu kula mwaka mzima wakajua kwamba watakula mpaka Agosti.

Ndipo wakaenda dukani kwa Elkana. Mbele yao alikuwa Mzee Magige, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa bonde. Mlango ulivunjwa, rafu zikaangushwa, na Elkana akapigwa mpaka jicho moja likafunga. Polisi walimwokoa kwa kumtia pingu, wakamhifadhi mahabusu, na tangu siku hiyo yeye mwenyewe hakutaka kutoka.

"Dhamana yako ipo," Kezia alimwambia kupitia nondo.

"Nje ndiko wananingoja, Afande. Huku angalau kuna kufuli."

Alikuwa mtu mnene aliyepungua haraka, shati limebaki kubwa. Kwao ni Turwa, pembezoni mwa mji wa Tarime, lakini wajomba zake wako Migori, upande wa Kenya, na Kiswahili chake kilivuka mpaka kila alipokasirika.

"Wanasema dawa uliipitisha mpakani Sirari usiku, kwa ndugu zako."

"Ndugu zangu Migori wanauza omena, Afande. Omena! Dawa nachukua kwa ajenti mwenye leseni, na stakabadhi mmebeba nyinyi wenyewe. Wacha mimi nikuulize. Kwa Mama Robi, ndago zilikufa?"

"Zilikufa."

"Na yale majani mapana?"

"Yalikufa."

"Sasa hiyo ni feki ya aina gani, yenye kuchagua? Maji ya kisima yanaua ndago, yanaacha shemeji?"

Kezia hakupenda kuulizwa maswali na mahabusu. Alimwuliza kuhusu mkewe.

"Dorah amepeleka watoto Turwa. Anaogopa hata kuniletea chakula." Elkana alishika nondo kwa mikono miwili. "Sikia, Afande. Hata hakimu akisema sina kosa, nitarudi wapi? Duka langu liko Ringwani. Wameapa siku nikitia mguu pale wananimwagia petroli. Karatasi ya mahakama haizimi kiberiti. Watu wale wale walionipiga ndio waseme sikufanya. Bila hivyo umenitoa shimo moja umenitia lingine."

Kezia alitoka nje, akasimama uani akiwa na uchungu. Kumtoa mtu mahabusu alikuwa anajua namna yake. Kuwatoa watu wa bonde zima kwenye jambo walilokwisha kuliamini hakuna aliyewahi kumfundisha.

Alibaki na mtu mmoja wa kumshuku. Karibu bonde lote lilipuliziwa na mkono mmoja, wa Rubeni, mtu wa makamo mwenye bomba lake la mgongoni, aliyekuwa anakodiwa shamba kwa shamba. Rubeni alimaliza kupuliza, na shemeji alipoanza kuonekana, Rubeni hakuonekana. Mtu kama huyo angeweza kumwaga nusu ya dawa kwenye chupa yake akajaza maji ndani ya bomba. Kezia alipanda pikipiki, akavuka daraja, akamfuata machimboni.

Alimkuta chini ya turubai karibu na karasha, mashine ya kusaga mawe, ambayo ilipiga kelele hata mbwa walikuwa wamehama. Rubeni alikuwa mweupe kwa vumbi mpaka kope. Mashavuni ndevu zake zilikuwa na mvi, au labda nazo zilikuwa vumbi.

"Ulikimbia nini Ringwani?" Kezia alimpigia kelele sikioni.

"Kukimbia?" Rubeni alinyoosha mkono kuonyesha kilima kizima, wanaume wakipanda na kushuka na viroba mabegani. "Hawa wote wamekimbia polisi?"

"Dawa ya Mama Robi ulitia kiasi gani?"

"Mara ya kwanza, cha kwenye lebo."

"Mara ya kwanza?"

"Shemeji hakufa, Afande. Nikarudia, nikazidisha. Kwa Mama Robi nilizidisha mpaka mpunga wenyewe ukaungua. Nenda kaangalie kona ya juu, karibu na mfereji. Utakuta mpunga mfupi wa njano. Shemeji katikati yake ananenepa." Alitema mate meupe. "Nikaona aibu. Mtu anakulipa umuulie majani, unamuulia mpunga. Ndiyo, hapo niliondoka. Ila maji sikutia. Mungu ananiona."

Kezia alirudi Ringwani siku hiyo hiyo, akaenda mpaka kona ya juu. Mpunga ulikuwa mfupi, ncha za njano, umedumaa. Shemeji alikuwa ameupita kimo. Mtu wa kuiba dawa hawezi kuunguza mpunga kwa kuizidisha, kwa hiyo Rubeni akatoka kwenye kesi, na Kezia akabaki bila mshukiwa hata mmoja. Aliliponda bonge la udongo kwa kisigino mpaka likawa unga.

Afisa kilimo wa kata hakumwacha hata amalize kueleza.

"Usugu," alisema.

"Usugu wa nani?"

"Wa gugu. Kati ya magugu maelfu, linazaliwa moja ambalo dawa hailigusi. Ukipuliza, wenzake wanakufa, lenyewe linabaki peke yake na shamba zima. Linazaa. Mwaka unaofuata unapuliza dawa ile ile, wanabaki watoto wake. Baada ya misimu kadhaa unakuwa unapulizia ukoo mzima ambao dawa yako ni kama mvua tu." Alivua miwani. "Hakuna aliyetia maji, Sajenti. Hakuna feki. Niliwaambia watu wako siku ile ile waliyomkamata Elkana. Walikuwa wamebeba pingu, hawakuwa wamebeba maswali."

Kezia alilimeza hilo kwa kuwa lilikuwa kweli. Mabeseni mawili nyuma ya kituo yalikuwa yanasema kitu hicho hicho.

"Inachukua misimu mingapi?"

"Mingi. Ya kurudia dawa moja bila kubadilisha."

"Mama Robi amepuliza dawa msimu huu kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kabla ya hapo alikuwa na wanawe wawili wa kupalilia."

Afisa kilimo alifuta miwani kwa shati. "Una hakika?"

"Nimemuuliza mara tatu. Na si yeye peke yake. Zaidi ya nusu ya bonde hawana historia ya dawa."

"Basi hapo sijui," alisema, akarudisha miwani. "Usugu hauanguki kutoka mbinguni."

Njia nzima kurudi bondeni Kezia alikuwa anagombana naye kichwani. Amepewa ufunguo, na ufunguo umekataa mlango. Shamba la dawa ya miaka mingi lina haki ya kuwa na gugu sugu. Shamba la Mama Robi halina haki hiyo, na bado linalo. Kuna kitu kililipeleka gugu hilo kule, na kitu kinachopeleka kina njia, na njia huonekana. Hiyo ndiyo kazi aliyosomea.

Kesho yake alibadilisha swali. Tangu mwanzo alikuwa anawauliza watu wamepata hasara gani, na walimjibu mpaka akachoka. Sasa alitembea tuta kwa tuta akiuliza nani amepona. Watu hawakupenda swali hilo. Walitazamana, wakatazama chini, mpaka mwanamke mmoja akaonyesha kwa kidevu upande wa chini wa bonde, ambako shamba moja lilikuwa safi, mpunga umesimama peke yake.

"La Teresia," mwanamke alisema. "Muulize yeye amekula na nani."

Teresia alikuwa mpika pombe, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na alikuwa anakoroga pipa alipomwona Kezia. Hakuacha kukoroga.

"Nilijua utafika. Wamekwambia mimi mchawi au wamekwambia nimehonga?"

"Wameniambia shamba lako safi."

"Ni safi. Ni kosa?"

"Dawa ulinunua wapi?"

"Kwa Elkana. Ya kupimiwa, kama wote. Kapuliza Rubeni, kama wote." Teresia alimtazama kwa jicho la pembeni. "Unatafuta mahali pa kunishika, eeh?"

Kezia alikuwa anatafuta hasa. Mwanamke anayechukiwa na kijiji, anayeona jirani zake wakiangamia na yeye amepona: mkuu wake angempenda kuliko mabeseni. Alimbana kuhusu maji, kuhusu mfereji, kuhusu mahali shamba lake lilipo. Maji ya Teresia yalikuwa yale yale yaliyopita kwa Mama Robi kwanza. Udongo ule ule. Mwezi wa kupanda ule ule. Kila jibu lilifunga mlango mmoja, na Kezia akaanza kuona kizunguzungu cha hasira.

"Basi niambie wewe," alisema mwishowe, sauti imempanda. "Wewe na Mama Robi mmetofautiana nini?"

"Mama Robi ni mtu wa Magige. Mimi kwa Magige siendi."

"Kwa nini?"

"Nikafanye nini? Unajua risaga?"

Kezia aliijua, alikulia ndani yake. Majirani wanakusanyika kulima kwa mmoja leo, kesho kwa mwingine, na mwenye shamba huwaandalia pombe.

"Magige ni Msabato," Teresia alisema. "Pombe haipiti kwenye lango lake. Kwa hiyo watu wake anawashukuru kwa beseni la mbegu ya mpunga. Mbegu nzuri, nono, huwezi kumlaumu. Bonde zima linapanda ya kwake. Mimi risaga isiyo na pombe naiona adhabu, kwa hiyo silimi kwake na beseni lake silipati. Napanda mbegu ya mama yangu. Nakata masuke yenyewe kwa kisu kabla ya kuvuna, moja moja, naning'iniza jikoni."

Kezia alisimama. Mwiko wa Teresia uliendelea kuzunguka ndani ya pipa. Kisha Kezia akamshukuru kwa adabu iliyomshangaza, akaondoka akitembea haraka.

Hakwenda moja kwa moja kwa Magige. Alipita kwanza kaya kwa kaya na swali moja tu: mbegu ulitoa wapi? Aliyekuwa na shemeji alijibu, kwa mwenyekiti. Akavuka tuta, akauliza tena. Kwa mwenyekiti. Wengine walilisema kwa shukrani, wakimtaja na wema wake.

Mzee Magige alimpokea kwa heshima, akamtolea kiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Umekuja kuniambia Jumatatu tuje na gari gani?"

"Nimekuja kuomba mbegu."

Alifurahi. Mtu anayependa kutoa huwezi kukosa kumjua. Aliingia ghalani akatoka na beseni limejaa, mpunga wa msimu uliopita, akaliweka mbele yake. Kezia aliomba ungo. Alimwaga mbegu juani, akazisambaza kwa kiganja, akaanza kuchambua. Kati ya mbegu za mpunga kulikuwa na vijibegu vidogo, vya mviringo, vyenye ncha kali, kama vya suke la shemeji nyuma ya kituo. Alivitenga pembeni ya ungo mpaka vikawa vya kujaza kijiko.

"Hivi ni nini, mzee?"

"Takataka kidogo. Zamani vijana wangu walikuwa wanapepeta mara mbili."

"Wako wapi?"

"Machimboni. Wote."

"Na mbegu unaichaguaje siku hizi?"

"Naichota kwenye lundo mashine ikishapukuchua. Nani wa kukata suke moja moja?"

"Dawa ya majani umeanza kutumia lini?"

"Tangu wanangu walipoondoka." Alinyoosha mgongo. "Mimi ndiye wa kwanza bonde hili. Wote wameiga kwangu. Kabla hata Elkana hajafungua duka nilikuwa naifuata Tarime."

"Dawa hii hii?"

"Hii hii. Kitu kinachofanya kazi unabadilisha cha nini?"

"Msimu uliopita shemeji walikufa wote?"

Kuku walipita kati yao, wakadonoa mbegu zilizodondoka, na Magige hakuwafukuza.

"Walibaki wachache," alisema.

"Ulimwambia nani?"

"Nilidhani mvua imeiosha dawa. Tukavuna pamoja na mpunga. Mikono ilikuwa michache, binti yangu."

Kezia alimweleza. Alimweleza polepole, kuanzia mabeseni mawili mpaka shamba la Teresia, hakumficha kitu na hakumpaka mafuta. Shemeji sugu alizaliwa katika shamba hili, akalelewa na dawa hii, akapanda ndani ya beseni hili, akaenda kwa kila mtu aliyekuja kumsaidia kulima. Mzee alisikiliza huku akitazama kile kijilundo pembeni ya ungo. Alijaribu mara moja kusema labda, akaacha.

"Utanifungulia kesi gani?" aliuliza.

"Hakuna."

"Tafuta."

"Nimetafuta, mzee. Kutoa mbegu si kosa."

"Kungekuwa na kosa, ningefungwa nikamaliza." Alifuta uso kwa kiganja. "Sasa nikae nao vipi?"

"Elkana naye anauliza hivyo hivyo."

Kezia akaendelea, na safari hii hasira yake hakuificha. "Mimi nitaandika ripoti, mkuu wangu ataisoma, pengine Jumatatu watamwachia. Atarudi Ringwani watu wamchome. Ripoti yangu haisomwi huku bondeni, mzee. Wewe ndiye unayesomwa. Wewe uliwaambia ni Elkana, wakavunja mlango. Nani mwingine atawaambia siye?"

"Na nikikataa?"

"Utaendelea kugawa mbegu, na mtu mmoja ataendelea kulala sakafuni kwa ajili yako."

Magige aliinuka, akachukua kofia yake, akaanza kutembea kuelekea bondeni. Hakusema anakwenda wapi. Kezia alimfuata nyuma.

Wanawake walikuwa ndani ya shamba la Mama Robi, wameinama kwa mstari, maji yakiwafika nusu ya muundi, wanang'oa shemeji kwa mkono. Walikuwa wamekwisha kukata tamaa na dawa. Magige alisimama juu ya tuta na kuwaita, wakainuka wote, wakimsalimia mmoja mmoja. Aliitikia kila shikamoo mpaka ya mwisho. Kisha akasema.

Alisema vibaya, kwa kurudi nyuma na kujikwaa, lakini alisema yote. Mbegu. Dawa ya miaka yote. Shemeji wachache waliobaki msimu uliopita, naye hakumwambia mtu. Alisema Elkana hakutia maji. Alisema hivyo mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakuna aliyejibu.

Mama Robi alikuwa mbele kabisa, mwanamke mfupi, kanga imekazwa kiunoni, fungu la shemeji mkononi linadondosha tope. Alimtazama mwenyekiti mpaka Kezia akaanza kuhofia.

"Binti yangu uliyempa mbegu akaenda nayo Robanda kwa mumewe," Mama Robi alisema. "Ni hii?"

"Ni hii."

"Wamepanda?"

"Nadhani wamepanda."

"Huko tembo wa hifadhini wanawamalizia mashamba. Wewe ukawaongezea shemeji." Alilitupa fungu juu ya tuta, likaanguka karibu na viatu vya mwenyekiti. "Na yule Mjaluo tulimpiga bure. Mimi mwenyewe nilimpiga na mwiko. Nilimpiga hapa." Alijigusa jichoni. Nyuma yake mwanamke mmoja alianza kulia, na mwingine akamwambia anyamaze.

Kezia alikuwa na simu mkononi. "Mama, naweza kumpigia mkuu wangu sasa hivi. Lakini Elkana hatoki kama hajui atarudi kwa nani."

"Usimtoe leo," Mama Robi alisema. "Kesho asubuhi tunakuja wenyewe kumchukua. Sisi wote. Tulikwenda wote kumvunjia, tutakwenda wote kumtoa. Mwambie hivyo hivyo, kwa maneno yangu." Kisha akamgeukia mzee. "Na wewe, mwenyekiti, vua viatu."

Hakuna mwanamume wa rika lake aliyewahi kuonekana akipalilia mpunga wa mtu. Magige alitazama viatu vyake, akatazama wanawake, akainama akafungua kamba. Alikunja suruali. Aliingia ndani ya maji, akateleza, akashika bega la mtu aliyekuwa karibu, na mtu huyo hakulisogeza.

Kezia alimpigia mkuu wake. Alimwambia mlalamikaji namba moja amefuta maelezo yake mbele ya mashahidi kumi na zaidi, na kwamba Jumatatu hakuna kesi. Mkuu aliuliza mara tatu, basi ni nani sasa, na mara zote Kezia alijibu kwamba si mtu. Upande wa pili akasikia kikombe kikiwekwa juu ya meza kwa nguvu.

Alipogeuka, mzee alikuwa ameinama pamoja na wengine, mwishoni mwa mstari. Alitumbukiza mkono kwenye maji, akashika shina, akavuta kwa nguvu mpaka mizizi ikatoka na tope lake, akalinyanyua ili waone.

Mama Robi alilitazama mkononi mwake.

"Huo ni mpunga," alisema.